Mbu wa kwenye dilei

Mpwa wangu alikuwa amelala chali mkekani, miguu kaielekeza kwenye feni, akasema, "Mjomba, humu ndani mna mbu."

Nikamwambia hii Ngamiani, mbu watakosaje.

"Si mbu wa kuuma. Mbu wa kwenye spika."

Nikazima feni. Nikasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Kimya. Yaani kwangu mimi kimya, maana nina miaka 49 na thelathini kati ya hiyo nimeimaliza mbele ya amplifaya za watu. Yeye ana 18. Nikawasha osiloskopu, chombo kinachoonyesha umeme kama mawimbi kwenye kioo, nikachomeka kwenye mdomo wa kutolea sauti, na pale palepale nikamwona huyo mbu: mawimbi madogo ya kilohezi 14, yaani mitetemo elfu kumi na nne kwa sekunde, yamekaa yametulia, hayaongezeki wala hayapungui. Masikio yangu yanakoma kwenye kilohezi 11, labda na kidogo. Wiki mbili nilikuwa nakifurahia kifaa chenye kelele nisiyoweza kuisikia, na nimeshakisifu mbele za watu.

Nieleze kidogo, kwa wasionijua. Nina kibanda cha kutengeneza redio na amplifaya huku mabarabarani Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya 8. Mchana nashughulika na spika za misikiti, sabufa za kumbi za harusi na vinanda vilivyomwagiwa soda. Usiku, umeme ukiwepo, nina ugonjwa wangu mwingine: sinthesaiza ya moduli. Ni kinanda kisicho na vitufe, kilichokatwa vipande. Kipande kimoja kinatoa mlio, kingine kinauchuja, kingine kinapandisha na kushusha, na wewe unaviunganisha kwa nyaya unavyotaka. Vipimo ninavyofuata ni vile vya Eurorack, alivyovianzisha Dieter Doepfer wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990: umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi, vipande vyote vinakunywa kisima kimoja. Hicho kisima kimoja kishikilie, tutakirudia.

Kipande chenye mbu ni dilei ya analogi, kinachotoa mwangwi. Siku hizi mwangwi unafanywa na kompyuta ndogo na unatoka safi kama maji ya chupa. Mimi nataka ule wa zamani, wa chipu zinazopokezana ndoo. Uende Deep Sea asubuhi boti zikiingia uone vijana walivyojipanga kutoka majini hadi mchangani, ndoo ya dagaa inatoka mkono huu inaingia mkono ule. Chipu hii ndivyo ilivyo. Kila ndoo ni kapasita ndogo sana, na kilichomo ni kiasi cha umeme, kipande cha sauti. F. Sangster na K. Teer wa maabara za Philips, Uholanzi, ndio waliolibuni wazo hili mwaka 1969, na Wajapani wa Matsushita wakaja kutoa chipu za MN zilizoenea kwenye vifaa vya wanamuziki. Niliyotumia mimi ni nakala ya kisasa ya MN3205. Ina ndoo 4096.

Sasa vijana wa Deep Sea hawapokezani kimyakimya. Yuko mmoja anayetoa sauti, wenzake wanaitikia, na kwa kila mwitiko ndoo inasogea. Kwenye chipu msemaji huyo ni kloki, mapigo ya umeme yanayopanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Ana nyaya mbili: moja ikipanda nyingine inashuka. Akiita haraka ndoo zinafika haraka, mwangwi unakuwa mfupi. Akiita polepole mwangwi unarefuka. Hesabu yake ni nyepesi: idadi ya ndoo, gawanya kwa mara mbili ya kasi ya kloki. Ndoo 4096 kwa kilohezi 40 zinakupa milisekunde 51.2. Kwa kilohezi 10 zinakupa 204.8. Sisi watu wa Tanga tunaambiwa waja leo waondoka leo. Basi sauti ikiingia humu inaondoka leo hiihii, ila kwa kuchelewa.

Balaa linaanzia hapo. Ukitaka mwangwi mrefu lazima kloki ishuke, na ikishuka chini ya kilohezi 20 inaingia kwenye eneo la masikio ya binadamu. Dagaa wanafika mchangani pamoja na kelele za yule msemaji. Dilei yangu nilikuwa nimeiwekea kikomo cha kilohezi 14, sawa na milisekunde 146 hivi, nikidhani ni pazuri kwa sababu mimi sisikii kitu hapo.

Jambo la kwanza nililofanya ndilo ambalo kila fundi angelifanya, nikaongeza filta, ya kuchuja milio ya juu. Baada ya chipu nilikuwa na filta ya ngazi mbili, nikaifanya ya ngazi nne, inayokata kuanzia kilohezi 5. Filta ya namna hiyo inashusha nguvu ya mlio desibeli 24 kwa kila oktavu, yaani kila mitetemo inapoongezeka maradufu, kwa hiyo mlio wa kilohezi 14 ulipaswa kupungua zaidi ya mara sitini. Nikakaa nayo hadi saa saba usiku, nikamwita mpwa wangu kwa simu asubuhi.

"Yupo?"

"Yupo. Ila sauti yako imekuwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi."

Nikashusha filta hadi kilohezi 3. Mtungi ukawa pipa. Mbu akabaki. Ningekuwa na akili usiku ule ningejiuliza swali moja tu: kama filta inaua kila kitu cha juu, ikiwa ni pamoja na sauti yangu mwenyewe, kwa nini inamwacha mbu? Sikujiuliza. Nilinunua kapasita za bei zaidi.

Baadaye nilifanya kitu kimoja cha maana. Niliacha kutegemea masikio ya mtoto, nikabadilisha rezista moja ili kloki iweze kushuka hadi kilohezi 9. Hapo mbu aliingia kwenye masikio yangu mwenyewe, mkubwa, anakera. Ukiwa na kelele usiyoisikia, iteremshe mpaka ifike ulipo. Kazi ikiisha unairudisha rezista ya zamani. Hili nawashauri mafundi wa rika langu, hasa wale wanaojibu "mbona mimi sisikii kitu" huku wateja wao wakiondoka kimoyomoyo.

Halafu nikachomoa chipu kwenye soketi yake huku mtambo umewaka. (Usifanye hivi. Zima kwanza. Mimi niliua moja.) Mlio ukapotea karibu wote. Nikapiga paja: mchawi ni chipu! Nikaingia mwezi mzima wa kuhangaika na chipu.

Si kwamba chipu haina kosa kabisa. Ina milango miwili ya kutokea, na kipande cha sauti kinatokea huku, kisha kilekile kinatokea kule, zamu kwa zamu. Ukiichanganya milango hiyo miwili sauti inaungana, na mabaki ya kloki, kwa kuwa yanapingana, yanauana. Yanauana sawasawa endapo tu yana nguvu sawa, na milango haitoki kiwandani ikiwa pacha. Ndiyo maana unaweka trimpoti, rezista ndogo ya kuzungusha, katikati na kuizungusha kidogokidogo. Asiye na osiloskopu asiingize sauti yoyote, ashushe kloki mpaka aisikie, kisha azungushe taratibu mpaka mlio ufike chini kabisa kabla haujaanza kupanda tena. Pale chini ndipo penyewe. Huku kwetu pana jambo la ziada, hewa ya chumvi: trimpoti za wazi zinaota ukijani mwaka haujaisha, na kipimo kinahama chenyewe. Weka zilizofungwa, na ukishapata mahali pake dondoshea tone la rangi ya kucha isicheze. Ya kwangu ni nyekundu. Mwenye chupa alikuja kuigundua baadaye na tukaelewana.

Trimpoti ilinipunguzia, ila haikuniponya. Nikaagiza chipu nyingine tano kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye simtaji. Mbili zilikuja zimekufa, na moja maandishi yake yalifutika kwa spiriti, chini yake pana namba ya kitu kingine kabisa. Hiyo nimeigundisha ukutani kibandani.

Kilichonifungua macho ni kikombe cha chai na karatasi ya data. Chipu hizi, ukizitazama kwa upande wa miguu ya kloki, si kitu zaidi ya kapasita. Msemaji akiita, anajaza kapasita hiyo kwa nguvu, anaimwaga, anaijaza, anaimwaga. Yenye ndoo 4096 ni mzigo mzito kuliko yenye ndoo 1024, kwa sababu nyaya za kloki zinagusa ndoo zote. Kwa hiyo nilipoichomoa sikuwa nimeondoa njia ya sauti peke yake. Nilikuwa nimemtua msemaji mzigo wake, naye akatulia.

Nikachukua kapasita mbili za nanofaradi 2.2, nikazipachika kwenye soketi tupu, kila mguu wa kloki na kapasita yake kwenda athi, njia ambayo umeme wote unarudia. Chipu hakuna. Sauti haina pa kupita. Nikawasha.

Mbu huyo, mzimamzima.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani muuza kahawa akaja kuchungulia. Miezi mitatu nimekuwa nikiziba mlango ambao mwizi hapiti. Kelele haikuwa inapita ndani ya chipu wala ndani ya filta. Ilikuwa inapita kwenye umeme, na zaidi kwenye athi, kisha inaingia kwenye op-ampu ya mwisho, chipu ya kukuza sauti, nyuma ya filta zangu zote. Ningeweza kushusha filta hadi sauti isisikike kabisa na mbu angebaki anaimba.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kasha langu nililitengeneza kwa mbao za mvule zilizobaki kwenye kitanda cha mtu, na njia ya umeme niliifanya kwa vipande vya bodi ya matundu, ile yenye mistari myembamba ya shaba. Athi ya moduli zote ilirudi kwa mstari mmoja. Kila kloki ilipojaza zile kapasita, makumi ya miliampea yalipita kwa ghafla kwenye mstari huo, kwa nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde hivi, na mstari ukainuka milivolti mbili tatu. Op-ampu inaihesabu athi kuwa ndiyo sifuri. Sifuri ikitikisika, kila kitu kilichopimwa kutoka hapo kinatikisika. Mtu anakupimia kitambaa huku rula inacheza.

Tiba yake ilinichukua Jumamosi moja. Sehemu ya kloki nimeipa regyuleta yake yenyewe, kifaa cha kushusha na kutuliza volti, 78L09 ndogo, tofauti na inayolisha sehemu ya sauti. Volti 9 kwa sababu chipu hii haitaki kuzidi 10 na kasha lina 12. Kabla ya regyuleta kuna rezista ya omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 100, ili mshtuko uishie humohumo usirudi kisimani. Kapasita ya nanofaradi 100 ya kauri nimeilehemu juu ya miguu ya chipu inayoendesha kloki, juu yenyewe, si sentimita tatu pembeni kama nilivyokuwa nimeiweka kwa kutaka bodi ipendeze. Athi ya kloki ina waya wake mnene hadi mahali umeme unapoingilia, na athi ya sauti ina wake, zinakutana hapo tu. Nyaya mbili za kloki zilikuwa zinapita kando ya mguu wa kuingilia wa op-ampu ya mwisho kama vile zinamsalimia. Nimezikata na kuzizungushia upande wa pili wa bodi, fupi iwezekanavyo.

Nilijaribu pia kuweka rezista kwenye nyaya za kloki ili mapigo yasipande kwa ukali mno. Omu 47 zilisaidia. Omu 470 ziliharibu, kwa sababu nyaya mbili zilianza kupishana vibaya, huyu hajamaliza kushuka yule ameshapanda, na ndoo zikaanza kumwagika njiani. Mwangwi ukawa na mikwaruzo.

Nikarudisha filta kilohezi 5. Nikachomeka osiloskopu. Pale palipokuwa na milivolti tatu sikuweza tena kutofautisha kloki na ukungu wa osiloskopu yenyewe. Ndipo trimpoti ikaanza kuwa na maana, maana sasa kilichobaki kilikuwa kweli kinatoka kwenye chipu.

Nilikuwa na kosa jingine, la kijinga. Sauti ya Eurorack ni kubwa, volti 10 kutoka kilele hadi kilele. Chipu inataka volti moja na kidogo, ikizidi inakwaruza. Mimi kwa woga nilikuwa naipa robo ya volti, halafu mwishoni naikuza mara arobaini. Unapokuza mara arobaini unakuza na kelele mara arobaini. Nimeipandisha hadi inapokaribia kukwaruza, nimerekebisha bayasi, volti ya katikati ambayo sauti inapandia na kushukia, mpaka vilele vya juu na vya chini vinakatika sawa, sasa naikuza mara kumi tu. Hiyo peke yake ni desibeli 12 za bure.

Watu huniuliza mbona sijaweka kompanda, chipu kama NE571, inayoibana sauti kabla ya dilei na kuitanua baadaye. Inafanya kazi nzuri, na dilei nyingi za zamani zinayo. Kelele inazama pale ambapo hakuna sauti. Nitaiweka siku moja. Sikutaka kuanza nayo. Nyumba za huku karibu na bahari kuta zake hupanda chumvi, na mwenye nyumba asiyetaka shida hupaka rangi juu yake, inang'aa mpaka masika. Nilitaka kwanza nijue unyevu unatoka wapi.

Mzee mmoja mpiga fidla, aliyepigia taarabu tangu enzi ambazo kikundi cha Black Star cha hapa Tanga walikuwa wameshaingiza gitaa za umeme, alipita kibandani kufuata redio yake. Nikampa maikrofoni, nikamwomba apige kidogo. Alipiga kipande kifupi akanyamaza, akaisikiliza fidla yake ikirudi mara tatu, kila mara imefifia.

"Fundi, hii inaitikia."

"Inaitikia, mzee. Shikamoo yangu umeipokea?"

"Marahaba. Lakini muitikiaji wako ana mafua."

Ni kweli. Kilohezi 5 ndio mwisho wake. Nikamweleza habari za filta na kloki, akasikiliza kwa adabu zote, akalipia redio akaondoka.

Ningeishia hapo, ila nilitengeneza dilei ya pili. Bodi ileile, tiba zilezile, iko peke yake haina mbu. Nikaziweka zote mbili kwenye kasha, nikawasha, ukatoka mluzi. Si mbu sasa, mluzi mnene unaopanda na kushuka kila ninapogusa nobu ya muda, kama redio ya mawimbi mafupi unapotafuta stesheni. Kloki moja ilikuwa kilohezi 61 na nyingine 63, zote mbali kabisa na sikio la yeyote, hata la mpwa wangu. Ila ya kwanza ikivuja kidogo tu na kuingia ya pili, ile ya pili inaikatakata kama inavyokatakata sauti, na kinachobaki ni tofauti yao: kilohezi 2, katikati ya masikio. Filta ya baada ya chipu haiwezi kitu, kwa kuwa huo mluzi sasa ni sauti kama sauti nyingine. Lazima uuzuie kabla haujaingia. Niliongeza filta upande wa kuingilia, nikaweka shanga ya feraiti, inayozuia mitetemo ya juu, kwenye waya wa umeme wa kila moduli, na kati ya bodi mbili nikasimamisha kipande cha bati la kopo la maziwa kilichoungwa na athi. Umebaki kidogo sana. Njia ya kuumaliza ni kuzilisha dilei zote mbili kutoka kloki moja, ili tofauti iwe sifuri. Ila hapo unapoteza raha ya kuwa na mbili.

Nilimwita mpwa wangu aje asikilize. Alikaa muda mrefu, akazungusha nobu hii, akazungusha ile.

"Mluzi umekwenda wapi, mjomba?"

"Nimeuondoa."

Akanuna. Kumbe wiki iliyopita, mimi nikiwa nimetoka kuswali, alikuwa ameurekodi kwenye simu, ameupigia ngoma chini yake, na wenzake watatu shuleni wanao. Akanionyesha. Akaniomba niurudishe.

Nimeweka swichi ndogo nyuma ya kasha inayokwepesha ile filta ya kuingilia. Sijaiandikia kitu.